Mafua Mapya Yakiingia: Chanjo Gani kwa Mtoto Wako?

Kila redio zinapotangaza kwamba kuna mafua mapya duniani, wazazi wanaoishi Ntinda, Kisaasi, Kiwatule, Bukoto na Naguru huanza kuuliza: chanjo ya watoto iko wapi, na inauzwa kiasi gani? Wengine husikia kwamba kliniki fulani ya binafsi inayo, wakaanza kuchukua pesa za kodi ya nyumba ili mtoto achomwe sindano. Wengine husikia kwamba sindano hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa, wakaacha hata chanjo za kawaida. Wote wanafanya hivyo kwa sababu wanawapenda watoto wao. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Jambo kubwa tunalotaka kila mzazi alikumbuke ni hili: mafua mapya yakianza, chanjo ya mafua hayo ndiyo hufika mwisho. Chanjo zinazoweza kumwokoa mtoto katika miezi ya kusubiri ni zile zilizopo tayari kituoni, bila malipo, leo. Kwa hiyo itazame kadi ya mtoto kabla mlipuko haujafika.

HOMA YA MAFUA NI NINI?

Katika Kiswahili tunatumia neno "mafua" kwa kila pua inayotoka kamasi. Waganda nao husema ssenyiga. Lakini wahudumu wa afya hutenganisha magonjwa mawili.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi. Pua inatoka kamasi, koo linawasha, mtoto anapiga chafya, na baada ya siku chache anapona. Mara nyingi anaendelea kula na kucheza.

Homa ya mafua, ambayo vitabu vya tiba huiita influenza, ni ugonjwa mwingine. Huanza ghafla. Mtoto aliyekuwa mzima asubuhi anakuwa na homa kali jioni, anaumwa kichwa na viungo, anakohoa na anachoka sana. Watoto wadogo wanaweza pia kutapika au kuharisha. Ugonjwa huu huambukizwa kwa matone ya mate na makamasi ya mtu anayekohoa au kupiga chafya, na kwa mikono iliyogusa matone hayo. Mtu anaweza kuanza kuambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia mgonjwa. Watoto wadogo huambukiza kwa siku nyingi zaidi kuliko watu wazima.

Katika nchi za baridi homa ya mafua huja wakati wa kipupwe. Hapa kwetu karibu na ikweta virusi hivi huzunguka mwaka mzima, na mara nyingi hupanda nyakati za mvua, watu wanapokaa ndani na kufunga madirisha.

Virusi vya homa ya mafua hubadilika kidogo kidogo kila mwaka. Mara chache hutokea badiliko kubwa: virusi vya binadamu, vya ndege na vya nguruwe huchanganyika na kutoa aina ambayo miili ya watu wengi haijawahi kukutana nayo. Hapo ndipo tunaposema "mafua mapya". Kwa kuwa watu wengi hawana kinga, yanaenea upesi sana.

TULIJIFUNZA NINI MWAKA 2009?

Mwezi wa Aprili 2009 aina mpya ya virusi vya H1N1 ilitambuliwa huko Mexico na Marekani. Watu wakaiita "homa ya nguruwe". Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza kwamba ugonjwa umeenea duniani kote. Mwishoni mwa Juni Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza, mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Mwanzoni mwa Julai Uganda nayo ilithibitisha mgonjwa wa kwanza, msafiri aliyeingia kutoka nje. Kwa hiyo tangu ugonjwa utambuliwe upande wa pili wa dunia hadi kufika Uganda ilipita chini ya miezi mitatu.

Je, chanjo ilikuwa wapi? Ilikuwa bado viwandani. China ilianza kuchanja watu wake Septemba 2009, na Marekani ikaanza Oktoba. Nchi zilizokuwa na viwanda, au zilizokuwa zimeshatia saini mikataba na viwanda, ndizo zilizopata kwanza. Nchi maskini zilisubiri msaada. Kupitia WHO, karibu dozi milioni 78 ziligawiwa kwa nchi 77, lakini nyingi zilifika mwaka 2010. Tarehe 10 Agosti 2010 WHO ilitangaza kwamba mlipuko umekwisha. Mahali pengi chanjo ilifika wimbi kubwa likiwa limekwisha kupita.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2012 yanasema kwamba watu kati ya 151,700 na 575,400 walikufa kwa ugonjwa huo katika mwaka wake wa kwanza. Zaidi ya nusu yao walikuwa Afrika na Kusini-Mashariki mwa Asia, yaani mahali ambapo chanjo ilichelewa zaidi.

Virusi hivyo vya 2009 havikutoweka. Viliingia katika kundi la virusi vya kawaida vya homa ya mafua, na hadi leo vinazunguka kila mwaka. Kinga dhidi yake imewekwa ndani ya chanjo ya kila mwaka.

KWA NINI CHANJO YA MAFUA MAPYA HUCHELEWA?

Mkulima hawezi kuvuna kabla hajapata mbegu. Wataalamu lazima kwanza wavipate virusi vyenyewe, wavitambue, watengeneze mbegu salama na kuipeleka viwandani. Huko chanjo nyingi za homa ya mafua bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, mayai mamilioni. Baadaye husafishwa, hupimwa na kujaribiwa. Kazi hiyo yote huchukua kama miezi mitano au sita. Ndiyo maana hata kwa homa ya mafua ya kila mwaka wataalamu wa WHO hukutana mapema, Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa nchi za kusini, ili kuchagua aina zitakazowekwa ndani ya chanjo.

Kwa UVIKO-19 tuliona hivyo hivyo. Virusi vilitambuliwa Januari 2020. Kazi ya kutengeneza chanjo ilikwenda haraka kuliko ilivyowahi kutokea, lakini Uganda ilianza kuchanja Machi 2021.

Kutokana na hayo, mzazi, chukua onyo moja. Mtu akikuambia wiki chache baada ya ugonjwa mpya kutangazwa kwamba anayo chanjo yake na anaiuza, usimpe pesa zako. Hakuna kliniki yoyote duniani inayoweza kuwa na chanjo ya virusi vilivyogunduliwa mwezi uliopita. Labda anauza chanjo ya homa ya mafua ya kila mwaka, ambayo ni kitu kingine, au anauza maji.

MTOTO HUFA KWA NINI?

WHO inasema kwamba kati ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa maambukizo ya mapafu yanayotokana na homa ya mafua, 99 katika kila 100 wako katika nchi zinazoendelea. Virusi ni vilevile, lakini mtoto wa huku mara nyingi huwa na mambo mengine juu yake.

Homa ya mafua huchubua njia za hewa. Palipochubuka bakteria huingia kwa urahisi, na mtoto hupata nimonia, ugonjwa ambao wengi huuita kichomi. Kama mtoto huyo hana lishe ya kutosha, ana malaria, au ametoka kuugua surua, mwili wake unakuwa hauna nguvu ya kupambana.

Mwaka 2002, homa ya mafua ya aina iliyokuwa ikijulikana siku zote ilipiga vijiji vya Madagaska. Katika miezi mitatu waliugua zaidi ya watu 27,000, na karibu 800 wakafa. Vilikuwa vijiji vya mbali, vyenye utapiamlo na huduma chache za tiba. Mwisho wa mwaka huohuo homa ya mafua iliingia Bosobolo, kaskazini-magharibi mwa Kongo. Huko pia watoto wa chini ya miaka mitano walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwisho wa 2024. Habari zilienea kwamba "ugonjwa usiojulikana" unaua watu katika eneo la afya la Panzi, mkoa wa Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. (Panzi hiyo si ile ya Bukavu yenye hospitali.) Wakongo wengi wa hapa Kampala walipata ujumbe wa hofu kwenye simu. Vipimo vilipofika vilionyesha malaria pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa, vikiwemo vya H1N1, na vyote vimewaingia watu wenye utapiamlo mkali. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Magonjwa yote hayo yalikuwa yanajulikana. Yaliwakuta watoto pamoja, kwa wakati mmoja, mbali na hospitali.

JINA LINALOCHANGANYA KWENYE KADI

Wazazi wengine hutuambia: "Mtoto wangu amekwisha chanjwa mafua. Nilisoma neno influenza kwenye karatasi ya chanjo." Hapa kuna jambo la kueleweshwa.

Kwenye kadi ya Uganda kuna chanjo inayoandikwa DPT-HepB-Hib. Herufi hizo "Hib" ni kifupi cha jina la bakteria, Haemophilus influenzae aina ya b. Bakteria hao si virusi vya homa ya mafua. Jina lilitokana na kosa la zamani. Mwaka 1892, baada ya mlipuko mkubwa wa mafua, Mjerumani Richard Pfeiffer aliwaona bakteria hao kwa wagonjwa akadhani ndio wanaoleta mafua. Virusi vyenyewe vya binadamu vilipatikana miaka mingi baadaye, mwaka 1933, huko London. Kosa lilijulikana lakini jina lilibaki.

Kwa hiyo chanjo ya Hib haizuii homa ya mafua. Lakini usiidharau. Hib huleta nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto wadogo, na ni mmoja wa bakteria wanaoweza kuingia mapafu yaliyochubuliwa na mafua. Uganda ilianza kutoa chanjo hiyo mwaka 2002, na ndani ya miaka michache uti wa mgongo unaoletwa na Hib ulipungua sana katika hospitali zilizofuatiliwa. Mtoto mwenye chanjo hiyo akipata mafua mapya, mlango mmoja wa nimonia umekwisha fungwa.

CHANJO ZA KUKAMILISHA SASA

Hizi hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya serikali. Mkimbizi huchanjwa sawa na mwananchi.

- Anapozaliwa: BCG ya kifua kikuu, na matone ya polio.

- Wiki 6, 10 na 14: DPT-HepB-Hib, inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib. Pamoja nayo polio, na PCV inayokinga nimokoko, bakteria anayeongoza katika kuleta nimonia kali kwa watoto. Uganda ilianza kutoa PCV mwaka 2013. Chanjo ya rota, ya kuzuia kuharisha, ilianza mwaka 2018.

- Miezi 9: surua na rubela, na homa ya manjano.

- Miezi 18: surua na rubela mara ya pili. Wazazi wengi husahau hii, kwa sababu mtoto anatembea tayari na hapelekwi tena kliniki.

- Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Uganda Aprili 2025 katika wilaya zilizochaguliwa, kuanzia umri wa miezi 6. Kama mtoto wako anaishi makazini au mnasafiri kwenda huko, muulize mhudumu wa afya.

Angalia jinsi chanjo hizi zinavyohusiana na mafua mapya. Kifaduro, Hib, nimokoko na surua vyote hushambulia njia ya hewa. Mtoto aliyekamilisha kadi anaweza bado kupata homa ya mafua, lakini hatari ya kuipata pamoja na surua, na hatari ya nimonia kali, inapungua.

Kwa wakazi wa Ntinda, vituo vya serikali vilivyo karibu ni Hospitali ya Urafiki ya China na Uganda iliyoko Naguru na Kituo cha Afya cha Kiswa kilichoko upande wa Bugolobi. Kama unaishi makazini, kwa mfano Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, nenda kituo cha afya cha makazi, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji chako siku za chanjo.

Kadi imepotea njiani, au ilibaki Kongo, Burundi, Somalia au Sudan Kusini? Nenda hivyo hivyo. Mweleze muuguzi umri wa mtoto na unachokumbuka. Asipokuwa na uhakika ataanza upya, na kurudia chanjo hizi hakumdhuru mtoto. Ukipewa kadi mpya, itunze kama unavyotunza kitambulisho chako. Sheria ya Chanjo ya Uganda ya mwaka 2017 inataka mtoto awe na kadi ya chanjo anapoandikishwa shule.

NA CHANJO YA HOMA YA MAFUA YENYEWE?

Chanjo hii ipo duniani, ni nzuri, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Uganda. Nchini Kenya, kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ilipendekeza mwaka 2016 kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe kila mwaka. Katika Kampala baadhi ya hospitali na kliniki za binafsi huiuza. Wakati wa mlipuko serikali au mashirika yanaweza kuileta na kuitoa bure kwa makundi yaliyo hatarini. Ukipata nafasi hiyo, fahamu mambo haya:

1. Hutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Mtoto wa chini ya hapo hachanjwi. Yeye hulindwa na mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, na watu wa nyumbani wasio wagonjwa.

2. Mtoto mdogo anayechanjwa mara ya kwanza, wa miezi 6 hadi miaka 8, kwa kawaida huhitaji dozi mbili, zikiachana wiki 4 au zaidi. Dozi moja huupa mwili wake taarifa tu, ya pili ndiyo inayotia nguvu. Usiondoke bila kuandikiwa tarehe ya kurudi.

3. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Mtoto akiugua siku tatu baada ya kuchanjwa, alikuwa ameambukizwa kabla kinga haijawa tayari.

4. Hurudiwa kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika na kinga hupungua.

5. Wanaotangulizwa ni wajawazito, watoto wadogo, wenye selimundu, pumu, magonjwa ya moyo au virusi vya UKIMWI, wazee, na wahudumu wa afya.

6. Kama unainunua, uliza ioneshwe. Tazama msimu ulioandikwa kwenye boksi na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chanjo lazima itoke ndani ya friji, kwa nyuzi 2 hadi 8, na isiwe imeganda. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi ya mtoto.

Na kama huna pesa? Usiuze chakula cha watoto na usikope kodi ya nyumba kwa ajili ya sindano hii. Kadi iliyokamilika, maziwa ya mama na kuwahi kituoni vinamlinda mtoto wako kuliko sindano moja iliyonunuliwa kwa njaa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, chanjo ya mafua inaweza kumpa mtoto mafua?
Hapana. Chanjo ya sindano ina virusi vilivyouawa, au vipande vyake tu. Haiwezi kuleta ugonjwa. Mtoto anaweza kuumwa mkono, kuwa na homa ndogo au kulia kwa siku moja au mbili. Hiyo ni alama kwamba mwili unafanya kazi.

Nimesikia kwamba chanjo ya mwaka 2009 iliwadhuru watoto Ulaya. Ni kweli?
Kuna ukweli ndani yake, na ni vizuri kuusema. Mwaka 2010 madaktari wa Finland na Sweden waliona kwamba watoto na vijana wachache waliopewa chanjo iitwayo Pandemrix walipata ugonjwa wa nadra unaomfanya mtu ashikwe na usingizi ghafla mchana. Jambo hilo lilichunguzwa na kutangazwa hadharani, na chanjo hiyo haitumiki tena. Chanjo za kila mwaka zinazotumika leo ni nyingine, na hazikuonekana kuleta tatizo hilo. Madhara yakitokea hufuatiliwa, na kwa sababu hiyo ukiona jambo lisilo la kawaida baada ya chanjo yoyote, rudi kituoni uliseme.

Sisi hatuli nguruwe. Je, "homa ya nguruwe" inatuhusu?
Inatuhusu sote. Jina lilitokana na asili ya virusi, lakini ugonjwa ulitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa kikohozi. Kula nyama ya nguruwe iliyopikwa hakukuuleta, na kutoila hakukuuzuia. Mwaka 2009 Misri iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, lakini ugonjwa uliingia Misri vilevile.

Mtoto ana mafua kidogo siku ya chanjo. Nimrudishe nyumbani?
Usimrudishe. Kamasi na kikohozi kidogo havizuii chanjo. Akiwa na homa kali, mwache muuguzi amtazame na kuamua. Mwambie pia muuguzi kama mtoto aliwahi kuvimba uso au kushindwa kupumua baada ya chanjo.

Dawa za antibiotiki zinatibu homa ya mafua?
Hapana, hazigusi virusi. Hutumika kama bakteria wameingia na kuleta nimonia, na mhudumu wa afya ndiye anayeamua. Usinunue vidonge vya rangi dukani na kumgawia mtoto nusu nusu.

MTOTO AKIUGUA NYUMBANI

Watoto wengi wenye homa ya mafua hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi kinaweza kuendelea zaidi. Fanya haya:

- Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mkubwa mpe maji safi, uji na supu, kidogo kidogo lakini kila mara.

- Kwa homa na maumivu mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Usimpe aspirini. Kwa mtoto mwenye homa ya mafua inaweza kuleta madhara mabaya kwenye ini na ubongo.

- Homa yoyote Uganda ipimwe malaria. Usidhani ni mafua kwa sababu tu redio inasema kuna mafua.

- Fungua dirisha na mlango. Wengi wetu tunaishi watu sita katika chumba kimoja. Hapo mgonjwa alale upande wa dirisha, na wengine walaze vichwa upande wa miguu yake.

- Jiko la mkaa, yaani sigiri, liwe nje ya chumba anacholala mtoto. Moshi huumiza mapafu yaliyokwisha kuumwa.

- Osha mikono kwa sabuni baada ya kumfuta kamasi na kabla ya kumlisha. Akohoe kwenye kiwiko au kitambaa.

- Asiende shule wala kupandishwa kwenye teksi iliyojaa hadi apite saa 24 bila homa na bila dawa ya kushusha homa.

JIFUNZE KUHESABU PUMZI

Ujuzi huu hauhitaji pesa, na unaokoa. Mtoto akiwa ametulia, asiyelia wala kunyonya, mfunue kifua. Tumia saa ya simu. Hesabu mara ngapi kifua kinapanda kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka mno kama ukipata:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi
- Miezi 2 hadi 11: pumzi 50 au zaidi
- Mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi

Kupumua haraka hivyo kunaweza kuwa nimonia. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo.

DALILI ZA HATARI: USISUBIRI ASUBUHI

Mpeleke hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya:

- kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anakoroma akiwa macho;
- midomo au ulimi umegeuka rangi ya bluu au kijivu;
- hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu;
- ameshikwa na degedege;
- amelegea, analala mno, haamki vizuri;
- ana homa akiwa na umri wa chini ya miezi 2;
- alianza kupona, kisha homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu zaidi.

Hiyo ya mwisho inawadanganya wazazi wengi. Mtoto ameamka, amekula, mama ameshukuru Mungu. Baada ya siku mbili homa inarudi. Mara nyingi hiyo si mafua tena, ni bakteria walioingia nyuma yake. Wakati huo dawa zipo na zinafanya kazi, mradi mtoto afike mapema.

MAMBO MATATU YA KUFANYA WIKI HII

Kwanza, toa kadi ya kila mtoto ulipoiweka na utazame nafasi zilizo wazi, hasa PCV na DPT-HepB-Hib ya tatu, na surua ya miezi 18. Kama huwezi kuisoma, mpe jirani anayesoma au mhudumu wa afya wa jamii akusomee.

Pili, nenda kituoni ukajaze nafasi hizo. Usisubiri kutangaziwa ugonjwa, kwa sababu siku ya kutangaza foleni inakuwa ndefu na hofu inakuwa nyingi.

Tatu, mfundishe mtu mwingine wa nyumbani kuhesabu pumzi: baba, bibi, au dada mkubwa anayebaki na mdogo wake mama akienda sokoni. Mtoto haugui kwa kungoja mama arudi.

Mafua mapya yatakuja tena, na hakuna ajuaye mwaka. Yakija, Wizara ya Afya itatangaza kama kuna chanjo, ni ya nani na inatolewa wapi. Ikifika na mtoto wako akiitwa, mpeleke, na umrudishe kwa dozi ya pili. Kabla ya siku hiyo, mwache aingie katika mlipuko akiwa na kadi iliyojaa.